Wazazi wa Kusini, msilipe ada ya ukomando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, pamoja na vijana waliomaliza kidato cha nne ambao wako nyumbani wanasubiri bahati. Toleo lako la wiki iliyopita lilikuwa na picha kubwa ya askari wakivunja vigae kwa vichwa. Picha hiyo sasa imebandikwa kwenye kibanda cha kinyozi hapa Masasi, na pembeni yake mtu ameandika namba ya simu ya kujiandikisha kwa "mafunzo ya awali ya ukomando". Ada inatumwa kwa simu kabla ya kuanza.

Mimi ni muuguzi mstaafu, kwa hiyo wanaoumia mtaani huletwa kwangu kwanza. Oktoba, jua la saa nane mchana, waliniletea kijana kwa bodaboda, amebanwa katikati kwa sababu hakuweza kukaa mwenyewe. Mgongoni bado alikuwa na begi la shule lililojazwa mchanga. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, aliniita kwa jina la dada yake, na alipokojoa, mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya strungi. Mkufunzi wao alikuwa amewapandisha Mlima Mkomaindo mbio na kuwakataza maji, eti komando hanywi mpaka amri itoke. Niliwaambia wenzake wammwagie maji mwili mzima na kumpepea huku tukitafuta gari. Mkojo wa rangi ile maana yake misuli imeharibika na taka zake zinakwenda kuumiza figo. Amepona, namshukuru Mungu, lakini alilazwa, na ile ada baba yake aliipata kwa kuuza korosho kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya hasara, kabla ya msimu.

Wazazi wenzangu, hakuna jeshi linalotengeneza makomando kwa namna hiyo. Kule Uingereza, kikosi cha makomando kiitwacho SAS, kilichoanzishwa mwaka 1941 na David Stirling wakati wa vita vya jangwani Afrika Kaskazini, huchukua watu ambao tayari ni askari. Wanapelekwa kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales, kila mmoja na mzigo wake mgongoni na ramani yake mkononi. Hakuna wa kumsukuma wala wa kumbembeleza. Anayeshindwa anarudi kikosini kwake. Na pamoja na uzoefu wote huo, Julai 2013 askari watatu walikufa kutokana na joto katika mchujo wa kikosi cha akiba. Siku hiyo joto lilifika nyuzi 27 hivi. Nyuzi 27 kwetu Masasi mwezi wa Oktoba ni asubuhi tu! Walibeba vifaa vya kuonyesha mahali walipo, walikuwa na wasimamizi, na bado walikufa, na uchunguzi wa vifo vyao ukawalaumu waliosimamia zoezi. Huyu wa kwetu ana filimbi tu.

Hata Marekani, ambako raia anaweza kuandikishwa akiwa tayari analenga vikosi maalumu, anaanza na mafunzo ya kuruta kama wenzake, kisha anachujwa tena na tena.

Linaloniuma zaidi ni vijana kuambiwa kwamba ukomando ni kifua kipana na kichwa kigumu. Timu ya msingi ya vikosi maalumu vya jeshi la nchi kavu la Marekani ina watu 12. Kuna kapteni, msaidizi wake ambaye ni afisa mteule, sajenti wa operesheni na sajenti wa upelelezi. Waliobaki wamepangwa wawili wawili: wa silaha, wa uhandisi, wa mawasiliano na wa tiba, ili timu ikigawanyika, kila nusu iwe na mtaalamu wake. Hawa wa tiba ndio ninaowapenda. Wanasoma karibu mwaka mzima, hadi wanaweza kufanya upasuaji wa dharura, kung'oa jino, hata kutibu mifugo ya wanakijiji. Na timu nzima inasomeshwa lugha za watu ambao itatumwa kwao.

Nguvu za mtu mmoja mmoja peke yake hazikuwasaidia Wamarekani hao Aprili 1980 walipokwenda Iran kuokoa mateka. Helikopta nane ziliondoka, zilihitajika sita, zikabaki tano nzima, ikabidi kazi ivunjwe. Wakati wa kurudi, moja ikagongana na ndege ya usafirishaji na watu wanane wakafa. Walitoka majeshi tofauti yasiyozoea kufanya kazi pamoja. Ilichukua mpaka mwaka 1987 vikosi vyao maalumu kuwekwa chini ya kamandi moja, yenye makao Tampa, Florida.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Nachingwea, pale Farm 17, Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifundisha wapiganaji wao chini ya Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Mafunzo ya silaha yalikwenda pamoja na kulima, kusoma na kuandika, na wanawake walifunzwa humo humo. Hapa Mtwara walikuwa na hospitali ya majeruhi wao. Samora mwenyewe, kabla ya kushika bunduki, alikuwa muuguzi kama mimi.

Najua kwa nini vijana wetu wana hamu. Tangu kijiji cha Kitaya, mpakani na Msumbiji, kilipovamiwa Oktoba 2020, kila nyumba ya kandokando ya mto Ruvuma inajua vita ni kitu gani, na kijana anayetaka kuilinda nchi yake namheshimu kwa moyo wote. Lakini kijana anayesema Kimakonde au Kimakua, lugha zinazosemwa ng'ambo zote mbili za mto, akajifunza Kireno na huduma ya kwanza, ana mtaji ambao begi la mchanga haliwezi kumpa. Akitaka jeshi, lango ambalo wengi hupitia ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Nafasi zikitangazwa, maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa, bila malipo. Na JKT wenyewe husema wazi kwamba mafunzo yao si ahadi ya ajira.

Mhariri, nakuomba mambo mawili. Mtume mwandishi wako amuulize msemaji wa jeshi, kwa jina na kwa maandishi, kama kuna mtu yeyote wa mtaani aliyeruhusiwa kutoza ada ya mafunzo haya, kisha uchapishe jibu lake kwa ukubwa ule ule wa picha ya vigae. Pia wazazi ambao watoto wao wako milimani hivi sasa uwaeleze hili: mtoto akirudi amechanganyikiwa, ngozi ya moto, mkojo mweusi, mpozeni kwa maji papo hapo na mkimbizeni hospitali usiku huo huo. Msingoje kukuche.

Muuguzi mstaafu,
Masasi, Mtwara