Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Tiba Asili: dawa za Kichina za vidonda vya sukari ziandikwe Kiswahili

Shikamoo Msajili. Mi sio mtaalamu, ila mguu wa mzee wangu nimeuosha mwenyewe miezi saba.

Ilianza lengelenge tu chini ya kidole gumba, ndala mpya, mzee hakusikia kitu maana miguu ilishakufa ganzi kitambo, soksi ndo ilituambia. Hospitali wakasafisha wakafunga, tukarudi wakasafisha wakafunga, kidonda kipo palepale, ndo jirani akatupeleka duka moja la dawa za Kichina (silitaji). Tukapewa kikopo cha mafuta mekundu na vidonge vyeusi kama punje za pilipili manga, maandishi yote Kichina, muuzaji anasema meza kumi mara tatu.

Usiku wa nne mzee jasho chapachapa, anaongea haeleweki, kupima sukari imeshuka mpaka 2.1. Daktari akalipiga boksi picha akalitafsiri kwa simu: Xiaoke Wan. Ndani kuna mitishamba, sawa, ila kuna na glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, ambayo mzee alikuwa anaimeza kila asubuhi kutoka hospitali! Na wenyewe Wachina hawajaificha, wameiandika, sisi ndo hatuwezi kusoma.

Na haya mafuta mekundu, ile Shengji Yuhong Gao ya asili ni ufuta, nta, mizizi, halafu kalomeli, yani chumvi ya zebaki. Unapaka kwenye kidonda wazi wiki kwa wiki, na wewe hujui.

Sisemi zipigwe marufuku jamani. Taiwan mwaka 2021 waliruhusu krimu ya mimea miwili kwa vidonda hivihivi, lakini iliingia kwenye majaribio kwanza, wagonjwa 236, ndani ya wiki 16 waliopona kabisa ni asilimia 60.7, waliofungwa bandeji ya kawaida 35.1. Hiyo naielewa.

Ombi langu ni karatasi ya Kiswahili ndani ya kila boksi, kilichomo chote, na onyo kwa anayemeza dawa za sukari za hospitali. Na anayeuza dawa ya kidonda cha mguu aguse kwanza mapigo ya damu mguuni, kama damu haifiki ampeleke mtu hospitali siku hiyohiyo, asimuuzie mafuta.

Cha mzee kilikuja kufunga alipokatazwa kukanyagia ule mguu, akavalishwa plasta ngumu mpaka karibu na goti, alilalamika huyo!

Boksi ninalo bado, ukitaka kuliona nalileta ofisini.