Kwa babu wa Bujora, wabeja sana (asante sana, kwa Kisukuma)

Wanangu wawili nawafundisha nyumbani, hapa Nyakato, Mwanza, kabla hawajaanza darasa la kwanza. Tunasoma kwa michezo, matembezi, na ngoma au maigizo tukiyapata. Jumamosi tulikwenda makumbusho ya Wasukuma, Bujora, nimeshawaahidi ngoma ya nyoka. Wachezaji hawakuwepo. Mdogo akaangua kilio, na wenye watoto mnakijua kilio cha aliyeahidiwa.

Babu mmoja aliyekaa kivulini akamwita: "Njoo mjukuu wangu, nyoka yupo." Akachukua kipande cha kamba ya katani, akakifunga fundo nene kuwa kichwa. Kisha akawagawa wanangu na watoto waliokuwa wakichungulia: hawa Wagika, wale Wagalu, majina ya vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana. Akawaeleza kwamba ngoma za Kisukuma ni mashindano, anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kila kundi likaigiza na nyoka wake. Sisi wakubwa tukaamriwa kuhamia upande uliotuvutia, na mwanangu mdogo ndiye akatuhesabu. Akiruka namba, babu hakumkemea; aligonga fimbo chini, mtoto akaanza upya. Hesabu niliyoihangaikia wiki nzima!

Nilimpa hela, akakataa. Soda alikubali, tena ya moto.

Wenye wazee majumbani, waachieni watoto mchana mmoja, simu pembeni. Na wewe babu, kama wajukuu watakusomea haya: wabeja sana. Wagalu wanadai marudiano, kwa hiyo jiandae.