Vitambaa vya katikati ya meza viandikwe vipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vile vitambaa virefu vya kutandika katikati ya meza ya chakula, ambavyo siku hizi vinauzwa hapa Mtwara vikiwa kwenye mifuko iliyoandikwa "meza ya watu sita" bila kipimo kingine chochote.

Kabla ya Idi iliyopita nilinunua kimoja kwa kuyaamini maandishi hayo. Nilipokitandika nyumbani kiliishia shubiri nzima kabla ya ukingo, huku na huku, na mwenye duka akakataa kukipokea kwa kuwa mfuko ulikwisha kufunguliwa. Niliumia, ingawa simlaumu yeye peke yake. Meza zetu nyingi hazitoki kiwandani, bali seremala huzitengeneza kwa kufuata nafasi iliyopo sebuleni na urefu wa mbao za mninga alizopata, kwa hiyo meza mbili za watu sita katika mtaa mmoja zaweza kupishana sana kwa urefu.

Ninachowaomba wauzaji ni kuandika urefu na upana kwa sentimita. Nasi wanunuzi tupime meza kabla ya kutoka nyumbani, tuongeze sentimita 15 hadi 20 za kuning'inia kila upande, na upana wa kitambaa uwe kama theluthi ya upana wa meza. Meza ya sentimita 180 kwa 90 itapendeza na kitambaa cha 220 kwa 30. Kikizidi sana humlalia magotini aliyekaa mwisho wa meza, na penye mtoto mdogo ni hatari, maana akikivuta, chupa ya chai nayo inakuja.

Asiyepata kipimo chake dukani aende kwa fundi cherehani. Kitenge cha pamba yadi 3 kinatosha kwa meza niliyoitaja, ila kifuliwe kwanza, kwa sababu pamba hurudi, na aliyenunua yadi mbili na nusu atajuta baada ya kufua mara moja. Mimi napenda zaidi doti ya kanga ambayo haijakatwa, yenye urefu wa karibu mita 3: fundi akipunguza sawasawa ncha zote mbili, mahali pindo za kanga mbili zinapokutana huangukia katikati kabisa ya meza, panapowekwa bakuli la matunda. Ukichukua upande wenye jina, lisome vizuri kwanza, kwani yako majina ambayo hayafai kuwekwa mbele ya wakwe.

Vitambaa vya nailoni vinang'aa, lakini huteleza juu ya vanishi na huharibika vikiwekewa sufuria ya moto. Kuhusu rangi, nashauri nyeupe iachwe, hasa kwetu huku kwenye korosho. Doa la manjano ya mchuzi hufifia likianikwa juani, lakini maji ya bibo yakikauka kwenye pamba hayatoki tena.

Nawaomba pia maseremala wetu, wanapokabidhi meza, waandike urefu na upana wake kwa penseli upande wa chini wa ubao, ili mwenye nyumba aende dukani na kipimo mkononi.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara