Mhariri, wakisharudishwa kwao nani anajua wamefikia wapi?

Mhariri, salamu kutoka Uyole, baridi ya mwezi wa sita huku si ya kusimuliwa. Naandika kwa sababu kila nikiwasha redio ni habari ile ile, wahamiaji haramu kadhaa wamekamatwa Igawa, wengine Makambako, wengine Tunduma, watafikishwa mahakamani halafu watarudishwa kwao, na habari inaishia hapo mtangazaji anaingia kwenye michezo. Mimi nauliza ya baada ya hapo. Wakisharudishwa wanafikia kwa nani?

Nauliza kwa sababu kuna mmoja nilimshika mkono. Juni 2022 nilitoka alfajiri kwenda kuangalia viazi, shamba langu liko upande wa Mlima Nyoka ukiwa unatoka Inyala, nikakuta vijana sita wamelala kwenye mtaro wamejifunika magunia yangu matupu. Lori liliwashusha usiku wakaambiwa wasubiri hapo hapo, na lile lori halikurudi. Mmoja wao, miaka kumi na nane au ishirini hivi, mguu mmoja ana yeboyebo na mwingine kaufunga mfuko wa rambo, vidole vimevimba vimekuwa vyeusi. Mke wangu akapika uji wa karanga akaweka sukari ya kutosha, yule kijana akashika kikombe kwa mikono miwili lakini hakunywa mpaka wenzake wote watano wamepata.

Yeye ndo alikuwa na Kiingereza cha kuungaunga. Akaniambia hawa wenzangu wanatoka kusini mwa Ethiopia huko Hosaena, wanaenda Sauzi kutafuta kazi, mimi sikutoka kwa sababu ya kazi. Akaweka mikono nyuma kama mtu aliyefungwa pingu, akasema kaka yake alichukuliwa nyumbani Addis Ababa usiku na hajaonekana tena, akasema sisi ni Watigray, yaani watu wa Tigray kaskazini mwa Ethiopia, ambako kulikuwa na vita na serikali. Wakati huo sikuelewa uzito wake, baadaye ndo nikaja kusoma kwamba Novemba 2021 Ethiopia ilitangaza hali ya hatari na Watigray wengi wakakamatwa pale Addis kwa sababu tu ya kabila lao.

Jirani alishapiga simu, gari likaja likawabeba. Nilienda siku waliyosomewa shitaka. Walisimama kwa pamoja, wakasomewa kwa Kiswahili, mwenzao mmoja mwenye Kiswahili kidogo akawatafsiria, wote wakaitikia ndiyo. Haikufika hata dakika kumi. Hakuna aliyemuuliza yule kijana peke yake kwamba wewe umekimbia nini na ukirudi utafanywa nini. Na mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nayajua maneno yake, nikanyamaza kwa kuogopa nisije nikaambiwa ndo niliyekuwa nawaficha, hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa kumi nikaambiwa amesharudishwa. Mkataba wa kusimamisha ile vita ya Tigray ulisainiwa Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, yaani yeye alipelekwa vita bado inapiganwa. Na si kwamba dunia ilikuwa haijui kinachowapata wanaorudi, Januari mwaka huo huo shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walishaeleza kwamba Watigray waliorudishwa kutoka Saudi Arabia walikuwa wakifika tu wanashikiliwa, wengine wanapigwa, wengine ndugu zao hawajui walipo.

Najua majirani watasema sisi wenyewe maisha magumu, na hawa wengi wanatafuta maisha tu. Kweli, wengi wanatafuta maisha, sibishi. Na njia hii inawaua, mwaka 2012 miili zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa kule Kongwa Dodoma, 2020 wakakutwa 64 wamekufa ndani ya kontena Tete Msumbiji, kwa hiyo anayekamatwa Igawa akiwa hai pengine kaokolewa, hilo nalo nalikubali. Lakini ndani ya lori moja kunakuwa na anayetafuta kazi na anayekimbia kuuawa, wamekaa bega kwa bega wananuka jasho moja, sasa usipouliza utawatofautishaje? Unawaita wote haramu unafunga jalada. Na hilo neno lenyewe mhariri mnalitumia kila siku, haramu ni nyama, ni mali ya wizi, mtu anakuwaje haramu?

Sheria tunazo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kifungu cha 33 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini kwa ajili ya kabila, dini au siasa zake, na kifungu cha 31 kinasema aliyekimbia hatari akijitokeza mwenyewe asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali. Mkataba wa Afrika wa 1969 ndo umeongeza na watu wanaokimbia vita, na ulipitishwa pale pale Addis Ababa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 imeweka mpaka kamati ya kitaifa ya kupitia maombi. Sasa kijana wa kwenye mtaro Inyala hiyo kamati ataijulia wapi kama hakuna wa kumwambia kwa lugha yake?

Wazee wa Mbeya na Kyela wanakumbuka Wamalawi waliokimbilia huku baada ya 1964 wakimkimbia Banda aliyekuwa anatawala kwao, wamekaa nasi, wamefundisha watoto wetu. Orton Chirwa, aliyewahi kuwa waziri wa Banda, alikuwa mmoja wa waliokaa Tanzania, mwaka 1981 akatekwa Zambia akarudishwa kwa nguvu, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha na mwisho akafia gereza la Zomba 1992. Ndiyo maana huku kwetu neno kurudishwa kwao halitakiwi kusikika kama jambo jepesi. Na sisi wenyewe Januari 2001, baada ya vurugu za kisiasa Zanzibar, ndugu zetu zaidi ya 2,000 walivuka kutoka Pemba wakaenda Shimoni Kenya, wakapokelewa.

Januari 2021 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 1,789 wa Ethiopia warudi kwao, watu tulifurahi na mimi nilifurahi, gerezani si mahali. Ila vita ya Tigray wakati huo ilikuwa haijafikisha miezi mitatu, na tangu siku ile sijasikia mtu anauliza walifika vipi.

Ninachoomba si kikubwa. Mkalimani wa lugha za Ethiopia, Kiamhari na Kitigrinya, hata kwa simu, kila mtu aulizwe peke yake kabla ya kusomewa shitaka, na akisema anaogopa kurudi basi watu wa idara ya wakimbizi waitwe wamsikilize kwanza. Na nyie waandishi mkishaandika wamerudishwa, baada ya miezi mitatu fuatilieni.

Yule kijana aliniachia namba ya dada yake, kaiandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Nilipiga mara moja, mama mmoja akapokea, hatukuelewana lugha, nilipotaja jina la kijana akaanza kulia. Baada ya kuambiwa amerudishwa nikatuma ujumbe WhatsApp kuuliza kama amefika. Tiki moja. Jana usiku nimeangalia tena, bado ni tiki moja.

Mkulima, Uyole, Mbeya