Glaisini haina kushoto

Mhariri,

Miaka mingi nakusomeni bila kuandika neno. Makosa madogo madogo nimeyameza, lakini ile makala yenu ya Jumapili kuhusu asidi za amino na "pacha wao wa kwenye kioo" imenikwama kooni.

Mwandishi wenu anasema asidi zote 20 zinazojenga protini ni za mkono wa kushoto, yaani kila moja ina umbo la upande mmoja tu kati ya mawili yanayotofautiana kama mkono na taswira yake kwenye kioo. Si zote! Glaisini, moja ya hizo ishirini, haina kushoto wala kulia. Kaboni yake ya kati imeshika haidrojeni mbili, kwa hiyo taswira yake kwenye kioo ni yeye mwenyewe. Nalikasirikia hili kwa sababu lina historia na mimi. Nilipokuwa nafundisha kemia, mwanafunzi wangu mmoja aliandika hivyo hivyo kwenye mtihani, tena kwa maneno machache kuliko yangu, akawekewa kosa. Nikaenda kulalamika. Msahihishaji akanifungulia kitabu: "zote ishirini". Nikamchorea. Akasema mchoro ni mzuri, ila mwongozo wa kusahihishia ndio huo. Binti wa watu akakosa alama mbili kwa kukizidi kitabu, nami nikanyamaza, na kunyamaza kule hakujanitoka moyoni. Leo ninyi mnalichapa tena kosa lilelile, kwa wino wa rangi!

Halafu eti herufi L, inayowekwa kwenye jina la aina ya kushoto, maana yake molekuli hupindisha mwanga kwenda kushoto. Alanini ya L, nyingine katika hizo ishirini, huupindisha kulia. Herufi hiyo hutokana na mpangilio wa atomi ukilinganishwa na gliseraldehaidi, sukari ndogo iliyofanywa kipimo; mwanga haukuulizwa. Na eti aina ya D, yaani ya kulia, haipo kabisa katika viumbe hai, ilhali bakteria wameitia alanini ya D ndani ya kuta za seli zao.

Picha ndiyo sisemi. Hao "pacha" wawili ni molekuli moja iliyogeuzwa upande. Mwaka 1848 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alitenganisha fuwele za chumvi moja, za kushoto na za kulia kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mchoraji wenu alikuwa na mbili tu.

Na masahihisho yenu, siku mkijaliwa kuyatoa, mnayaficha chini ya majibu ya chemshabongo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Mnunulieni mchoraji glavu za ngozi, jozi moja. Kabla ya kuleta picha nyingine ya namna hii, avae ya kushoto kwenye mkono wa kulia. Ikimkaa sawasawa, chapeni.

Mwalimu mstaafu wa kemia