Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu kabati la majaribio ya vimiminika lililomo ndani ya Columbus, maabara ya Ulaya katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kituo hicho kimepangiwa kufanya kazi hadi 2030, kisha kitashushwa baharini, na kabati hilo litazama nacho. Sijaona ahadi ya mrithi wake.

Duniani, kimiminika kikipashwa moto kwa chini, kilichopata joto hutanuka, huwa chepesi na kupanda, kilichopoa hushuka. Mwendo huo hufunika mingine yote. Pasipo uzito hutoweka, ndipo mwingine hujitokeza: mvutano wa uso huwa mkubwa zaidi penye baridi, kwa hiyo uso wa kimiminika huburutwa kutoka penye joto kwenda penye baridi. Wanaotengeneza fuwele za silikoni wanaujua vizuri, maana huacha michirizi ndani ya fuwele.

Jaribio ninalolienzi kuliko yote ni GeoFlow, lililoanza ndani ya kabati hilo 2008. Tufe dogo liliwekwa ndani ya kubwa, na kati yake mafuta ya silikoni. La ndani lilipashwa joto, la nje likapozwa, na umeme wa hadi volti 10,000 ukayavuta mafuta kuelekea katikati, kama miamba ya ndani ya Dunia inavyovutwa kuelekea kiini. Huku chini uvutano ungeyaelekeza yote sakafuni, na mfano wa sayari ungeharibika.

Utaambiwa kwamba Bremen, Ujerumani, ina mnara wa kudondoshea majaribio. Ni kweli, na ni chombo kizuri, lakini hata kwa manati yake, inayorusha jaribio juu kwanza, hutoa sekunde 9 tu na ushei za kukosa uzito. Ndege maalumu hutoa kama sekunde 20, roketi za utafiti dakika chache. Joto husafiri polepole ndani ya mafuta. Kwa muda huo mtiririko haujatulia, sembuse kupimwa.

Wala si kila kituo kipya cha anga kitafaa. Wajapani, katika maabara yao ya Kibo, walining'iniza nguzo ya mafuta kati ya visahani viwili, wakaendesha majaribio wanaanga wakiwa wamelala, kwa sababu mtu akifanya mazoezi tu mtikisiko hufika kwenye mafuta. Kituo kilichojengwa kwa ajili ya wageni wa kulipa hakitakuwa na utulivu huo, isipokuwa mteja mkubwa kama ninyi audai mapema.

Kwa hiyo naomba, kabla hamjasaini mkataba wowote na kampuni za vituo vipya, mwandike ndani yake mambo mawili: nafasi ya kudumu ya maabara ya vimiminika, na saa za utulivu zilizolindwa. Kituo kikishajengwa, kuyaongeza hayo kutakuwa kugumu na ghali.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa fizikia