Barua kwa mwanangu: mtoto wa miezi mitatu hatambai

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kiti chenu cha meno kinapanda na kushuka. Changu kilikwama chini miaka sita, ndiyo maana mgongo wangu uko hivi.

Umeniuliza kuhusu yule mtoto wa miaka minne mwenye michubuko nyuma ya sikio. Mama mtu kasema aliteleza bafuni, nawe ukaona haya kuuliza zaidi. Haya hiyo naijua.

Niliwahi kuletewa kichanga wa miezi mitatu, mdomo unavuja damu. Nilipouinua mdomo wa juu nikakuta kile kijinyama kinachoushika kwenye ufizi kimechanika. Aliyemleta akasema, "Alikuwa anatambaa, akaanguka." Miezi mitatu, Rehema! Hata shingo ndiyo kwanza inakaza. Nikabana kwa pamba, damu ikakata, nikaandika rejestani "jeraha la mdomo", nikaita anayefuata kwa kuwa foleni ilifika mlangoni. Hawakurudi tena. Nilijua tangu chuoni kwamba kijinyama kile huweza kuchanika mtu akimshindilia chupa au kijiko mtoto anayelia, au akimpiga kofi la mdomo. Nilijua, nikanyamaza.

Mtoto anayekimbia akianguka, mara nyingi huumia penye mfupa: paji la uso, pua, kidevu, na meno ya mbele ya juu. Sikio na shingo hukingwa na bega. Kwa hiyo sikio la huyo wako lina neno. Sisemi ni ushahidi, nasema lina neno.

Mama mtu usimshutumu, huenda naye anapigwa. Mwache mtoto aseme mwenyewe, uandike kama alivyotamka. Chora michubuko ilipo, ukubwa na rangi yake. Kisha mwite afisa ustawi wa jamii. Asipopatikana, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na simu ya msaada kwa watoto, 116. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwenye taarifa aifikishe. Uchunguzi ni kazi ya wengine.

Ila meno ya plastiki, ule uvimbe wa ufizi wa mtoto mchanga ambao watu hudhani ndio unaomharisha, yatakusumbua kichwa. Utakuta mtoto hana chonge, uambiwe ziling'olewa akiwa mchanga kwa sababu alikuwa anaharisha. Wazazi hao walimpenda mtoto wao, wakampeleka ang'olewe kwa spoku ya baiskeli. Ukiwagombeza, hutawaona tena. Waeleze kwamba ule uvimbe ulikuwa jino linalokua, halafu uliza kama ana mdogo wake nyumbani. Huyo ndiye wa kuwahi.

Nipigie jioni, kabla hujafunga jalada. Nataka kujua michubuko ilikuwa ya rangi moja au tofauti, na kama namba ya simu waliyoacha mapokezi inaita.

Baba yako